UZI: Kuvuka Holili kwenda Mombasa na babu, bibi na watoto wadogo. Mipango ya kufanya kabla ya kuondoka Moshi

#1 Njiapanda_Himo

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Likizo ya Disemba ikikaribia, swali ni lile lile: familia nzima, wazee kwa watoto, inataka kwenda kuona bahari ya Mombasa, ianzie wapi? Tuyaweke yote hapa. Nitatumia familia ya mfano ili hesabu zieleweke: babu miaka 72, bibi 66, baba, mama anayenyonyesha, shangazi, watoto wa miaka 7, 4 na 2, na mtoto mchanga wa miezi 8. Watu tisa.

Safari yenyewe ni fupi. Moshi hadi mpakani Holili haifiki kilomita 40, Taveta ya upande wa Kenya hadi Voi ni kama 110, Voi hadi Mombasa kama 160. Lami mwanzo mwisho. Wanaotoka Arusha waongeze kama 80 kufika Moshi. Kinachoharibu safari hii ni karatasi na chanjo kuachwa hadi wiki ya mwisho, kisha kutaka kwenda kwa mwendo wa vijana wakati ndani ya gari kuna mtu wa miaka 72 na mwingine wa miezi 8.

Karatasi. Kitambulisho cha NIDA hakimvushi Mtanzania pale Holili. Kila mtu, hata huyo wa miezi 8, awe na hati yake mwenyewe: pasipoti au hati ya dharura ya safari. Pasipoti ni shilingi 150,000. Unajaza fomu mtandaoni, unalipa 20,000 ya fomu kwa namba ya malipo, unachapa, unaipeleka ofisi ya uhamiaji ya mkoa na viambatanisho, kisha unamalizia 130,000. Kwa watu tisa ni 1,350,000. Hati ya dharura ni 20,000 kwa mtu, yaani 180,000 kwa wote. Kama familia haina safari nyingine mbele, watoto na wazee wachukue hati ya dharura na walau watu wazima wawili wawe na pasipoti. Sababu ya hao wawili nitaieleza kwenye pesa. Viza Mtanzania haitaji.

Wazee wengi wa zamani hawana cheti cha kuzaliwa. Kiapo kinachukua nafasi yake, ila majina yafanane na NIDA herufi kwa herufi. "Elly" huku na "Eliakimu" kule kunaweza kukurudisha nyumbani. Anzeni miezi mitatu kabla.

Na kama wajukuu wanavuka na babu na bibi peke yao, au na mzazi mmoja, beba barua ya idhini ya wazazi iliyogongwa muhuri na wakili, nakala za vitambulisho vya wazazi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Afisa akiuliza mtoto ni wa nani, jibu liwe karatasi.

#2 MamaWaShanty

Asante kaka kwa uzi. Nauliza: kadi ya njano ni lazima kwa wote? Huku mtaani wengine wanasema ukivuka kwa gari lako haiulizwi.

#3 KipimoNaDozi

Dada, hapa tutulie kidogo, maana ndipo familia zenye wazee na watoto hukwama.

Kwanza, kuna kadi za njano mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya COMESA, hiyo ni bima ya gari. Ukiambiwa "kadi ya njano" uliza ipi.

Ya chanjo inakubana zaidi wakati wa kurudi. Kenya ni nchi yenye homa ya manjano, na Tanzania inamtaka anayetoka nchi ya namna hiyo awe na cheti, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Kwa hiyo umevuka kwenda kwa raha, siku ya kurudi, watoto wamechoka na babu ana njaa, ndipo dirisha la afya Holili linakuuliza. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali. Itafuteni kabatini kabla ya kulipia nyingine.

Sasa twende kwa familia ya mfano, mtu mmoja mmoja.

Mtoto wa miezi 8: hachanjwi, na sharti halimgusi. Chanjo huanza miezi 9.

Mama anayemnyonyesha: asikimbilie sindano. Hii ni chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, na imewahi kuonekana kirusi hicho kikimfikia mtoto mchanga kupitia maziwa ya mama. Mtoto akiwa chini ya miezi 9, mama azungumze na daktari kwanza. Kama safari inaweza kusogezwa, subirini mtoto atimize miezi 9 ndipo mama achanjwe.

Wa miaka 2, 4 na 7: wachanjwe, ila nendeni na kadi zao za kliniki. Chanjo hai mbili hupewa siku moja au zitenganishwe wiki 4. Mtoto aliyepata ya surua na rubela wiki iliyopita itabidi asubiri, na hapo ndipo tarehe ya safari inapopishana na tarehe ya cheti.

Babu na bibi: mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa mara ya kwanza ana hatari kubwa kidogo ya madhara mazito. Ni nadra, lakini yapo. Daktari apime: ana kisukari kisichotulia? Anatumia dawa zinazoshusha kinga? Aliwahi kuwa na tatizo la thaimasi, ile tezi ya kinga iliyo kifuani? Ana mzio mkali wa mayai? Ikionekana hafai kuchanjwa, anaandikiwa cheti rasmi cha msamaha wa kitabibu chenye muhuri. Anavuka na hicho. Msimsukumie mzee sindano kwa sababu tu basi la familia linaondoka Jumamosi.

#4 FundiWaNoah

Naongezea upande wa gari.

Watu tisa hawaingii kwenye Noah. Kisheria siti ni saba au nane, na mtoto wa mapajani anahesabiwa mtu. Ama magari mawili, ama Hiace. Ukikodi yenye namba nyeupe, kumbuka hiyo ni ya biashara. Mpakani inadaiwa vibali vya kubeba abiria nje ya nchi ambavyo gari binafsi la namba ya manjano halidaiwi. Muulize mwenye gari akuonyeshe vibali hivyo kwa macho kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa gari binafsi beba kadi halisi ya gari, si nakala, bima pamoja na hiyo kadi ya COMESA, inayotolewa na kampuni yako ya bima hapa hapa Moshi au Arusha, leseni, na kama jina kwenye kadi si lako, barua ya mwenye gari yenye muhuri wa wakili. Upande wa Kenya forodha wanakuandikia kibali cha muda cha gari. Soma tarehe ya mwisho ya kibali ukiwa bado dirishani. Weka pia pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao sindano yake bado iko kwenye kijani, na sanduku la huduma ya kwanza.

Kukaa: bibi akae safu ya kati karibu na mlango wa kuteleza, magoti yake hayapandi hadi safu ya tatu. Kiti cha mtoto mchanga kielekee nyuma, kifungwe siti ya safu ya kati, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa. Kibane kwa mkanda, weka goti ndani yake ukikaza, kisha ukishike kwenye mkanda unapopita na kukitikisa. Kikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili hujakifunga. Noah nyingi zilizotoka Japani zina vishikizo vya chuma kati ya mgongo na kikalio cha siti ya kati. Ingiza vidole utaviona. Kiti chenye ndoano zake kikikaa hapo hukosei.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo mzima kilichoandikwa ubavuni mwa mlango wa dereva. Voi kwenda chini joto ni kali, na tairi yenye upepo pungufu ikibeba watu wanane hupasuka kwa joto la kujikunja kwenyewe.

#5 Njiapanda_Himo

Mpakani sasa. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja tangu 2016. Maana yake unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Ukienda, pita Holili moja kwa moja, simama Taveta. Dirisha la uhamiaji la Tanzania liko humo humo na la Kenya linafuata. Ukirudi unasimama Holili tu. Kosa la kila siku ni mtu kupanga foleni dirisha la Kenya kabla hajagongewa muhuri wa kutoka Tanzania. Anarudishwa mwanzo na mtoto mgongoni.

Hati zote zishikwe na mtu mmoja kwenye mfuko mmoja, zimepangwa kwa umri. Wazee waombewe kiti, maafisa wa pale huwa hawana neno ukieleza kwa upole. Saa moja na nusu ni makadirio ya haki kwa watu tisa na magari mawili.

Mkungu mzima wa ndizi acheni nyumbani. Mazao mabichi yana maswali yake ya afya ya mimea. Mtori uliopikwa haumsumbui mtu.

#6 Kaskazi_Trans

Mkuu, kwa heshima, watu wanajaza uzi kwa safari ya saa sita. Ukitoka Moshi saa kumi na moja alfajiri, saa tano asubuhi uko Nyali. Kulala njiani ni kupoteza hela ya chumba.

#7 Njiapanda_Himo

Mkuu Kaskazi, kwa vijana wanne kwenye gari moja hesabu yako ni sahihi. Weka familia ya mfano. Mtu wa miaka 72 anahitaji kushuka na kutembea dakika kumi kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili, damu isigande miguuni. Mtoto mchanga asikae kwenye kiti chake zaidi ya saa mbili mfululizo. Mpakani saa moja na nusu. Kula, kubadilisha pampasi, kutapika kwa yule wa miaka 4. Saa sita zinakuwa kumi, na saa mbili za mwisho, Mariakani hadi Changamwe, ndizo zenye malori mengi na joto kuliko zote. Unaingia mjini jioni, watoto wanalia, bado hujaipata nyumba.

Ninachopendekeza ni kutoka Moshi saa moja asubuhi, kumaliza Taveta saa nne, kupitia Maktau na Mwatate, na kufika Voi mchana. Mlale Voi. Kesho yake muondoke saa kumi na mbili asubuhi, mpite Maungu na Mackinnon Road jua likiwa bado chini, mfike Mombasa kabla ya saa nne. Taveta hadi Voi msipite usiku kwa hali yoyote. Barabara inapakana na mbuga ya Tsavo na tembo huvuka, wala hana taa ya nyuma.

Mnaokwenda Diani, kateni Miritini mchukue barabara ya Dongo Kundu, mtokee kusini bila kugusa kivuko cha Likoni. Kivuko na jua la mchana si mahali pa kumweka mzee.

#8 Kaskazi_Trans

Nimekuelewa mkuu. Hoja ya Mariakani ni ya kweli. Kwa wanaopanda basi badala ya gari binafsi: chukueni siti za kati ya ekseli mbili, nyuma kunarusha na kiuno cha mzee hakitasahau.

#9 BibiHarusiPwani

Nyumba. Ulizeni maswali haya kabla ya kutuma malipo ya awali, mjibiwe kwa picha: ni ghorofa ya chini? Choo cha kukaa kiko mlango wa jirani na chumba cha wazee? Ngazi ngapi kutoka barabarani? Kama kuna bwawa, lina uzio na lango linalojifunga? Bwawa lisilo na uzio na mtoto wa miaka 2 ni sababu tosha ya kukataa nyumba nzuri.

Maji ya bomba sehemu nyingi za pwani hutoka visimani na yana chumvi. Yafaa kuoga, hayafai kuchanganyia maziwa ya kopo. Chumvi ikizidi, figo za mtoto mchanga hazimudu, na kuyachemsha hakuitoi. Nunueni madumu ya lita 20. Piga lita 3 kwa mtu kwa siku: watu tisa lita 27, ongeza ya kupikia, hivyo madumu mawili kwa siku yanatosha.

Chandarua kila kitanda, hata kama kuna feni. Nyumba zenye nyavu madirishani muangalie pembe, ndiko zinakotobokea.

Bahari. Mtu wa Moshi hudhani bahari iko pale pale siku nzima. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita na dakika chache kati ya kujaa na kupwa, na ratiba husogea karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: hupwa sana asubuhi kuelekea saa nne, hujaa sana alasiri kama saa kumi, tofauti ikizidi mita 3. Katikati ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwa watoto wadogo bora ni maji yanapopwa nusu, yakiacha vidimbwi vya uvuguvugu kabla ya mwamba. Lakini msivuke kuufuata mwamba na watoto: maji yakianza kurudi hujaza mifereji ya nyuma yenu kwanza. Viatu vya mpira kwa wote, kuna wadudu weusi wa miiba mirefu kwenye mawe.

Maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea tu, upepo huyachukua. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, umbali wa mkono. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja ufukweni na kwenye hifadhi, kwa hiyo bebeni chupa za kudumu. Mifuko ya nailoni imekatazwa nchi zote mbili. Pampasi chafu wekeni kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko.

#10 MamaWaShanty

Asante sana dada. Na wazee wafanye nini siku watoto wako majini? Wasijione wamekuja kulinda mabegi.

#11 BibiHarusiPwani

Swali zuri mama. Haller Park, Bamburi, inawafaa wote pamoja. Lilikuwa chimbo la mawe ya saruji, likaanza kupandwa miti mwaka 1971. Leo ni msitu wenye njia tambarare na kivuli, na watoto hulisha twiga. Fort Jesus, ile ngome ya Wareno ya 1593, nendeni asubuhi mlango ukifunguliwa. Ngazi na mawe yasiyo sawa yapo, mzee mwenye magoti mabovu abaki ua wa chini. Ulizeni bei ya raia wa Afrika Mashariki, na muonyeshe hati. Jioni nendeni Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, pana upepo na viti. Na jambo moja kubwa kwa wazee: wanazungumza Kiswahili na kila mtu. Mpeni babu nafasi ya kukaa na wenzake kwenye kahawa Mji wa Kale, hahitaji mkalimani.

#12 KipimoNaDozi

Kibegi cha dawa. Kikae ndani ya gari, si kwenye buti.

Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, pakiti 10. Pakiti ya lita moja, lita moja ya maji salama, si nusu lita. Mtoto chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha majimaji, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko taratibu. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 miligramu 10.

Parasetamo ya maji: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, pengo la saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Chupa ya kawaida ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Mtoto wa kilo 12 anapata mililita 5 hadi 7.5. Wapimeni uzito kabla ya safari muandike kwenye karatasi ndani ya kibegi.

Chakula cha mtoto kwenye chupa ya moto: kikishapoa kuwa vuguvugu, saa mbili tu, gari likiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Kikizidi, mwaga.

Babu wa presha: dawa nyingi za presha zina kiambata cha kukojoza. Mzee aliyezoea baridi ya Kibosho akishuka kwenye nyuzi 32 akaendelea na dozi ile ile bila kunywa maji, hupata kizunguzungu akisimama na kuanguka. Asibadilishe dozi mwenyewe. Amwone daktari wake kabla ya safari, na anywe maji kwa ratiba, maana kiu ya mzee huchelewa. Wengi hukwepa maji kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Mwambieni waziwazi kwamba vituo vimepangwa.

Insulini isikae kwenye dashibodi wala isigusane na barafu. Iliyofunguliwa huvumilia hadi nyuzi 30 kwa kama siku 28. Nyumba isiyo na friji: chungu cha udongo ndani ya sufuria yenye maji kidogo, kitambaa kilicholowa juu, insulini ndani ikiwa kwenye kopo kavu, mahali penye upepo.

Jua: watoto kivulini saa nne hadi saa kumi. Chini ya miezi 6 kivuli na nguo tu, si losheni.

#13 Njiapanda_Himo

Pesa, kwa ufupi. M-Pesa ya huku na ya Kenya si pochi moja. Unaweza kutuma kutoka laini ya Vodacom kwenda ya Safaricom, lakini kulipa dukani kwa namba ya duka kunahitaji laini ya Kenya, na ndiyo sababu ya watu wazima wawili wenye pasipoti: ndiyo inayotumika kusajili laini. Bima ya safari ichukuliwe kabla, na muulize ukomo wa umri kwa maandishi, maana kampuni nyingi humwacha nje au humwongezea bei mtu wa miaka 70.

#14 TengeruKwetu

Tumesharudi nyumbani, mtoto akipata homa wiki ya pili tunampa ya mafua?

#15 KipimoNaDozi

Hapana mkuu. Malaria haijitokezi kabla ya siku 7 hivi tangu kuumwa na mbu, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Maana yake homa ya pwani hutokea mkiwa mmeshafika Tengeru. Watoto wa maeneo ya baridi huku hawana kinga ya kutosha na huzidiwa haraka. Homa yoyote ndani ya miezi miwili baada ya kurudi, kwa mtoto au mzee, ni kipimo siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza kwa mganga iwe "tulikuwa Mombasa", na tarehe. Kipimo kikitoka hasi na homa ikabaki, rudieni kesho yake na muulizie dengi. Kabla ya majibu ya dengi msimpe aspirini wala ibuprofeni, parasetamo tu, kwa kuwa hizo mbili huongeza hatari ya kutoka damu.

#16 MamaWaShanty

Naandika tarehe zote ukutani leo: uhamiaji, kliniki ya watoto, daktari wa babu. Kichanga chetu anatimiza miezi 9 tarehe 20 Oktoba.

#17 KipimoNaDozi

Basi dada, peleka kadi yake kliniki tarehe hiyo. Ya surua na rubela anapata miezi 9 kwa ratiba ya kawaida, na wewe ndipo uulizie ya kwako ya homa ya manjano. Hadi Disemba siku 10 zitakuwa zimepita muda mrefu.